Santuri za Fundi

Majuzi kijana mmoja alisimamisha pikipiki nje ya lango langu hapa Mabanga, akavua kofia, akaniamkia vizuri kama mtoto aliyelelewa, akaniita nyanya kwa lugha ya kwetu.

"Kukhu, habari ya leo? Nimeambiwa ati wazee wa huku walikuwa na santuri. Kuna mtu Nairobi ananunua za zamani, hata zenye mikwaruzo. Anazipeleka ng'ambo."

Nilimwambia sina.

"Hata moja, kukhu? Hata ya kuvunjika?"

Nikamwambia hata ya kuvunjika. Akawasha pikipiki yake akaenda kwa jirani, nami nikabaki na ungo wa maharagwe mapajani. Nilichambua muda mrefu. Nilipoangalia, kumbe nilikuwa natupa maharagwe na kubakiza mawe.

Sikumdanganya yule kijana. Lakini kuna wakati zilikuwa nyumbani kwetu santuri sitini na kitu, chini ya kitanda cha wazazi wangu, na kama huna haraka, vuta kiti nikueleze zilivyokwenda. Watoto wangu sijawahi kuwaeleza. Wewe ni mtu wa makamo yangu, utanielewa bila kuniuliza kwa nini hatukufanya hivi wala vile.

Tulikuwa tunakaa Kitale, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, safu moja ndefu ya vyumba vyenye milango ya kijani. Baba alikuwa karani wa mizigo. Reli ya Kitale ilikuwa inaishia pale pale. Ukitazama upande mmoja unaona inakuja, ukitazama wa pili unaona nyasi tu. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kukaza meno, na ukungu ulishuka kutoka milima ya Cherangany ukalala juu ya mabehewa kama blanketi. Tulikunywa uji wa wimbi tukiwa tumesimama karibu na jiko, kila mtu amekumbatia bakuli lake, kisha mimi nikaenda kuchota maji kwenye mfereji kabla foleni haijawa ndefu. Mpaka leo nikisikia harufu ya gunia la mahindi lililolowa umande, namuona baba: kaptura yake ya kaki iliyopigwa pasi ya makaa, penseli nyuma ya sikio, na sauti yake akihesabu magunia ya wazungu kama anaomba.

Baba alijivunia kazi ile. Alikuwa na msemo wake: "Mzigo hauna miguu. Ukipotea, kuna mtu ameuachia."

Mlango wa tatu kutoka kwetu alikuwa anaishi Fundi na mke wake, katika chumba walichopangishwa na mtu wa reli. Fundi alikuwa Mkikuyu, mfupi, mpole, anashona nguo kwenye veranda ya duka la Mhindi. Tepi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata kanisani. Mke wake ndiye aliyemfundisha mama kuponda mahindi na viazi pamoja na majani ya malenge, na mama akamfundisha kupika mushenye, viazi vitamu vya kuponda na maharagwe, na baada ya miaka michache hakuna aliyekumbuka chakula kipi kilitoka kwa nani. Hawakuwa na mtoto. Basi tulikuwa watoto wao, sisi wanne, na mimi kifungua mimba nikawa wao zaidi.

Utajiri wa Fundi ulikuwa gramafoni na santuri. Gramafoni ilikuwa ya sanduku, ya kuzungusha kwa mkono. Santuri alizinunua mojamoja kwa miaka mingi, nyingine kwa Mhindi, nyingine kwa askari waliorudi vitani, nyingine kwa madereva wa Uganda. Mende walikuwa wanakula karatasi za kuzifunikia, kwa hiyo Fundi akashona mifuko ya vipande vya nguo alivyobakiza kazini, kila santuri na mfuko wake. Mimi nilizijua kabla sijajua kusoma. Mfuko wa kaki ulikuwa wa tarumbeta. Wenye maua mekundu ulikuwa wa mwanamke mmoja wa Uganda aliyeimba kama mtu anayecheka akiwa na kwikwi. Ule wa buluu, wa sare za shule, ulikuwa wa magita mawili yanayojibizana. Na kulikuwa na mfuko wa kitambaa cheupe chenye vidoti, kipande cha gauni la mama la Pasaka. Humo mlikuwa na nyimbo za kanisa.

Jumapili mchana, baada ya ibada na chakula, Fundi aliitoa gramafoni nje akaiweka juu ya kiti. Wamama walikaa kwenye mikeka, na chai ya maziwa ilichemka katika sufuria kubwa. Mama alikuwa na sheria: nyimbo za Mungu kwanza, hizo zingine baadaye. Basi tulisikiliza nyimbo za Mungu kwa adabu, halafu Fundi ananiangalia, nami naenda kuleta mfuko wa buluu. Ni mimi peke yangu kati ya watoto niliyeruhusiwa kuishika santuri. "Ishike kwa ukingo," Fundi alinifundisha, "kama unashika chapati imetoka jikoni sasa hivi." Yale magita yakianza, mama, mke wa mzee wa kanisa mtarajiwa, alitikisa mabega kidogo tu, mabega ya kwetu Bungoma, huku uso wake umetulia kama hajui mabega yanafanya nini. Baba aligonga kikombe kwa kidole. Hiyo ndiyo Kitale yangu. Nikifa waniulize nilikuwa na furaha lini, nitawaonyesha mkeka ule.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, serikali ya wazungu ikipigana na Mau Mau, na amri kwamba Wakikuyu warudishwe kwao. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Sikujua wamekosa nini. Niliona tu kwamba watu waliokuwa wanamsalimia Fundi kwa sauti walianza kumsalimia kwa kichwa, kisha wakawa wanatazama viatu vyao.

Siku moja mchana Fundi alikuja kwetu amebeba sanduku la mbao lililokuwa la sabuni, na mke wake nyuma yake ameshika gramafoni. Mke wake alikuwa mjamzito, baada ya miaka yote ile. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana.

"Mama, niwekee hizi," Fundi alisema. "Lori inakuja kesho asubuhi. Wamesema mtu achukue kile anaweza kubeba tu."

Mama alipangusa mikono kwa leso. "Utarudi lini?"

"Hiyo mimi sijui. Nikirudi utanipa. Nikikwama nitakuandikia."

"Nitaziweka, Fundi. Kitu cha mtu kina macho."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alitazama upande huu wa nyumba, akatazama upande ule, kuona nani anatuona.

Asubuhi yake tuliwaona wakipandishwa. Fundi alikuwa amefungua kichwa cha cherehani akakifunga kwa gunia mgongoni. Miguu ya cherehani ilibaki kwenye veranda ya Mhindi. Mke wake alikaa juu ya mzigo wa nguo katikati ya watu. Mama alipita kati ya askari akamrushia viazi vitamu vya kuchemsha vilivyofungwa kwa jani la mgomba, na mke wa Fundi akavidaka kwa mikono miwili. Lori likaondoka. Tepi ya Fundi ilikuwa bado shingoni.

Sanduku lilikaa chini ya kitanda. Mama hakuruhusu lifunguliwe. Alisema si letu, na wimbo wa mtu aliyelia hauchezwi. Gramafoni aliifunika kwa kitambaa akaweka juu yake Biblia, na ukiingia ungefikiri ni meza. Baba alianza kukosa usingizi. Mwenzake wa godauni alikutwa na barua za kutoka huko kwa Wakikuyu, akaulizwa maswali siku mbili, na kazini hakurudi tena. "Wakija hapa," baba alimwambia mama, "wakiuliza hizi vitu ni za nani, nitasema nini?" Mama alimjibu, "Utasema ni za Fundi. Si ni za Fundi?" Baba akacheka kile kicheko cha mtu asiyecheka.

Barua ilifika baada ya miezi mingi, mkononi mwa mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili aliyekuwa amepita upande huo. Mama alinipa niisome, maana mimi ndiye niliyekuwa nasoma haraka. Naikumbuka yote.

"Mama, salamu nyingi. Mke wangu alizaa, mtoto hakukaa. Na yeye hajaamka kitandani mpaka leo. Huku tumezungushiwa seng'enge na dawa ni mbali na ni ya kununua. Tafadhali uza santuri unitumie kupitia huyu mwalimu. Yule mwenye hoteli wa Bungoma amezitaka siku nyingi. Usizitenganishe, zinajuana. Ni mimi, Fundi."

Mama alilia kidogo, akajifuta, akaniambia nichukue kalamu. Tulimwandikia mwenye hoteli. Alijibu upesi, kwa mkono wake mwenyewe: anazitaka zote pamoja na gramafoni, zije kwa treni, na atalipa siku atakapozipokea.

Tulizifunga Jumamosi mchana. Hapo baba alikuwa hodari, lazima nikubali. Alileta maganda makavu ya mahindi magunia mawili, akatandika chini, akapanga santuri zikiwa zimesimama, kila moja ndani ya mfuko wake, akajaza maganda kila pembe mpaka sanduku likitikiswa halisemi. Mimi niliandika orodha. Mama alipeleka mkono kwenye ule mfuko wa vidoti, akaupapasa, akaurudisha. Gramafoni ikaingia katika sanduku la pili, na la pili likafungwa kwa kamba juu ya la kwanza ukawa mzigo mmoja. Kisha baba akapiga misumari, akachukua brashi na wino mweusi, akaandika jina la mwenye hoteli na Bungoma kwa herufi zake nzuri, zile L zenye mkia mrefu. Alipofika mahali pa mtumaji, brashi ikasimama. Wino ukadondoka. Halafu akaandika jina ambalo sikuwahi kulisikia.

"Huyu ni nani?" mama aliuliza.

"Si mtu."

"Baba watoto, mzigo wa mtu hauandikwi jina la si mtu."

"Unataka niandike la Fundi lionekane kwa stesheni yangu? Ama niandike langu? Hawa watoto wanne wanakula kwa hii kalamu." Alikuwa anaongea polepole, kama anayejibembeleza. "Mwenye hoteli atauchukua siku ya pili. Nani anasoma jina la mtumaji?"

Jumatatu nilimsindikiza baba nikaona mzigo ukipandishwa behewani, na treni ikaondoka nao polepole kuelekea chini, mahali ambapo njia yetu inakutana na ile kubwa ya Uganda. Nilipunga mkono. Nilikuwa na hakika tumefanya jambo jema.

Wiki ya kwanza tulingoja. Ya pili mama akaandika tena Bungoma, hakuna jibu. Ya tatu, siku ya kufua, mama alikuwa anatoa vitu mifukoni mwa kaptura ya baba kabla ya kuiloweka, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alinipa nisome. Ilikuwa taarifa kutoka stesheni ya Bungoma, imeandikwa kwa yule mtu asiyekuwako, ikapitia Kitale, ikatua mezani kwa baba. Ilisema mpokeaji amekataa mzigo. Mtumaji afike auchukue, au aandike atoe maagizo.

Baba aliporudi, mama aliiweka karatasi mezani karibu na ugali wake.

"Imekaa mfukoni siku ngapi?"

"Nne."

"Si uandike."

"Niandike kama nani? Huyo mtu hayuko."

"Wewe uko."

Baba alisukuma sahani. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akiacha chakula.

Basi mama alinichukua tukaenda Bungoma sisi wawili, yeye amevaa gauni lake la kanisani na mimi viatu vya kuazima. Tulianzia hotelini. Mwenye hoteli alikuwa mtu mkubwa mwenye aproni nyeupe, na alipotuona aliacha mandazi kwenye mafuta akatuvuta nyuma karibu na kuni.

"Mama, tafadhali," alisema kabla mama hajafungua mdomo. "Nimeonywa juu ya mwenye hizo vitu. Mimi niko na leseni hapa. Niko na bibi na watoto. Mimi sikuagiza kitu."

"Barua yako iko hapa. Uliandika na mkono wako."

"Ichome, mama. Nakuomba, ichome."

Hakuwa mtu mbaya. Alituletea chai na mandazi mawili, akakataa tulipe. Mama hakugusa. Mimi nilikunywa, kwa sababu tulitoka bila kula, na mpaka leo nina aibu kwamba nakumbuka ilivyokuwa tamu.

Tukaenda stesheni. Karani wa pale alikuwa kijana, mtu wa kwetu, anaongea kama wajomba zangu wanavyoongea, r na l zikibadilishana mahali, na alimwekea mama kiti. Nyuma yake kulikuwa na chumba chenye waya, na nyuma ya waya niliuona mzigo wetu, juu ya magunia, na L za baba zenye mkia.

"Mama, huyu mtumaji ni bwana yako?"

"Ni mtu wetu."

"Basi aje na kipande chake cha kitamburisho, nitamludishia mzigo. Ama arete balua yenye sahihi."

"Hawezi kuja."

"Ni mgonjwa?"

"Hawezi."

Yule kijana alikuna kichwa. Alikuwa anataka kutusaidia, hilo lilionekana. "Mama, mimi sina ubaya na wewe, rakini shelia ni shelia. Wacha tufanye hivi. Bwana yako anaitwa nani? Anafanya kazi wapi? Nitapiga simu saa hii wamuurize, akisema ni sawa, unachukua mzigo yako unaenda."

Ni neno moja tu lililohitajika. Baba alikuwa wakati huo huo amekaa karibu na simu ya stesheni ya Kitale, upande wa pili wa waya. Jina lake lilikuwa mdomoni mwangu, nalisikia kwenye ulimi kama punje. Nilimwangalia mama. Aliangalia sanduku, akaangalia mikono yake, akaangalia sanduku tena. Ningesema. Nilivuta pumzi ya kusema. Mama akanishika mkono akaubana mpaka mifupa ikalia, na yule kijana akangoja, akangoja, halafu akafunga daftari lake taratibu.

"Litakaa mpaka rini?" Hapana, hivyo alivyosema mama ni, "Litakaa mpaka lini?" Ni mimi ninayechanganya sauti zao sasa.

"Miezi kadhaa, mama. Harafu mnada."

Tulilala kwa nyanya, hapa hapa Mabanga ninapoishi sasa. Mama alimwambia tumekuja kumwona tu. Kesho yake tukarudi Kitale.

"Liko," alimwambia baba. "Nimeliona kwa macho. Ukienda Jumamosi utalikuta."

Jumamosi ile mama alipiga pasi shati jeupe la baba akalitundika kwenye msumari karibu na mlango. Baba aliamka, akaliona, akasema anaenda kutafuta kuni. Jumamosi iliyofuata mama akalipiga pasi tena, akalitundika pale pale. Baba akaenda kutazama shamba dogo tulilolima karibu na mto. Ilikuwa hivyo wiki baada ya wiki. Hawakugombana. Ungepita nje ungesema nyumba hiyo ina amani. Mvua ndefu zikaisha, mahindi yakakomaa, na kila Jumamosi shati lilikuwa pale, limenyooka, mikono imeshuka kama ya mtu aliyechoka kungoja. Halafu Jumamosi moja niliamka, msumari ulikuwa mtupu. Hapo nikajua mnada umepita.

Mama alimwandikia Fundi kupitia kwa mwalimu. Alimwambia santuri zimekwama Bungoma, na kwamba anamtumia kidogo alichopata kwa kuuza kuku wake na lile gauni la Pasaka. Mwalimu alirudi na fedha zile zile, hazijaguswa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alisema mke wa Fundi alikuwa amezikwa kabla yeye hajafika. Fundi alisoma barua, akashukuru, akasema mama arudishiwe kilicho chake.

Mama alikaa chini pale pale mlangoni, miguu imenyooka mbele, kama wanavyokaa wamama matangani.

Desemba hiyo tulikwenda kwa nyanya, na siku ya soko tukapita Bungoma mjini. Kulikuwa na mama mmoja anauza njugu karanga, na njugu zake alikuwa ameziweka katika bakuli jeusi lenye mawimbi ukingoni. Nilipita kwanza, kisha nikarudi. Wewe labda umewahi kuona: santuri ikitiwa maji ya moto inalegea, na unaweza kuikunja juu ya chungu ikawa bakuli. Chini, kati ya njugu, karatasi ile ya duara ya katikati ya santuri ilikuwa bado inasomeka, na niliijua.

"Hii umetoa wapi?" mama alimuuliza.

"Nilinunua kwa soko. Kuna mtu alikuwa anauza nyingi. Ni ngumu, haivunjiki haraka. Unataka njugu za ngapi?"

Mama alinunua njugu. Hakuuliza tena. Tulitembea mpaka kwa nyanya bila kuzila.

Fundi alirudi Kitale mwisho mwisho wa miaka hiyo, vizuizi vilipolegezwa. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, niko nyumbani likizo. Alikuja Jumapili mchana, peke yake. Nywele zilikuwa nyeupe na shati limemzidi mwili. Mama alimshika mikono miwili, hakuiachia kwa muda mrefu. Alichinja kuku. Baba aliingia ndani, akavaa viatu vyake vya kazini, akatoka akakaa mbele ya mgeni kama mtu aliyeitwa ofisini.

Fundi aliuliza habari za watoto mmoja mmoja. Aliuliza habari za mvua, na za Mhindi, akasikia Mhindi ameuza duka. Alikula vizuri. Hakuuliza juu ya santuri, na kila alivyozidi kutouliza ndivyo baba alivyozidi kutoka jasho.

"Fundi," baba alisema mwishowe. "Zile santuri."

"Mama aliniandikia."

"Alikuandikia nini?"

"Ati zilikwama Bungoma."

"Hakukwambia ni kwa nini?"

"Hapana. Hakuniambia."

Mama alikuwa amesimama na sahani mkononi. Alimtazama baba, na sijawahi tena kuona mtu akimtazama mwenzake hivyo, kama mtu aliyeshika mlango wazi kwa mgeni mwenye miguu mizito. Nafasi ilikuwepo. Fundi mwenyewe alikuwa ameinamisha uso, anangoja, hana hasira.

"Reli," baba alisema. "Hii reli ni mbaya."

Mama alichukua sahani akatoka nje.

"Ndiyo," Fundi alisema. "Reli ni mbaya." Akamtazama baba kwa upole, na hapo nikaamini anajua yote, labda alijua tangu zamani. Akamaliza chai yake, akashukuru kwa chakula. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Aliniuliza kama bado nasoma haraka, nikasema ndiyo, akasema vizuri. Baadaye tulisikia amepata mahali pa kushonea Kachibora. Kutoka Kitale si mbali, lakini hakupita kwetu tena, na sisi hatukwenda kwake.

Baba na mama waliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Baba alistaafu kwa heshima, na barua ya kusifiwa tukaitia kwenye fremu. Alipokufa mama alimlilia kama mjane yeyote. Lakini kutoka siku ile alipotoka nje na sahani sikumsikia akimwambia baba jambo lolote zaidi ya chakula kiko tayari, maji yako yamechemka, mvua inakuja. Hata mabega yake yalitulia. Harusini, kanisani, wenzake wakiinuka kucheza, yeye alishika mikoba yao.

Siwezi kumhukumu baba. Nimejaribu. Kila nikianza nakumbuka kwamba uji niliokunywa asubuhi zile zote ulitoka kwenye woga wake, na viatu vya shule, na kusoma kwenyewe. Na mimi pia nilinyamaza. Watu husema nilikuwa mtoto, na mama alinibana mkono. Ni kweli. Lakini mkono si mdomo.

Treni za Kitale ziliisha siku nyingi. Nilipopita mara ya mwisho, nyasi zilikuwa zimemeza reli, na mbuzi wamefungwa mahali baba alipokuwa anahesabia magunia. Ile safu ya milango ya kijani haipo. Wazazi wangu hawapo, na Fundi najua hayupo, maana kama angekuwepo angekuwa na miaka isiyo ya binadamu. Siku hizi hakuna mtu anayemletea mwingine sanduku na kumwambia niwekee, na kama angeniletea mimi, sijui ningemjibu nini.

Jina lile baba aliloandika kwa brashi, jina la mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, nalikumbuka lote, na jina la baba yake mtu huyo pia. La Fundi silijui. Miaka yote ile ya mkeka na chai, sikuwahi kumuuliza jina alilopewa na mama yake.